Majibu ya Béata

Damascène Havugimana alikuwa mtu asiyetoka nyumbani na shati lenye mkunjo. Hata miezi ile ambayo mizinga ilisikika kutoka upande wa Sake, na majirani wakawa wanalala na viatu miguuni, yeye asubuhi aliwasha pasi ya makaa barazani, akanyoosha kola, akanyoosha mikono, kisha akashuka kwa miguu hadi mtaa wa Himbi, hapo Goma, kwenye ofisi ndogo ya utafiti iliyokuwa karibu na ziwa. Mkewe, Julie, alimcheka.

"Papa Olivier, hata vita ikiingia itakukuta na mustari kwenye suruali."

Naye alicheka pia, lakini hakuacha. Alikuwa amekulia mahali ambapo watu walimtazama sana, na tangu utotoni alijifunza kuwapa kitu kizuri cha kutazama ili wasitafute kingine.

Hicho kingine kilikuwa dada yake, Béata.

Béata alikuwa mkubwa wake kwa miaka kadhaa, yaya yake, kama watu wa Goma wanavyomwita ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Huko Rugari, kwenye mteremko wa mlima Mikeno, alijulikana kama binti wa muzee Zéphirin anayesemezana na ukungu. Hakuwa mwendawazimu. Alilima kuliko wanaume wawili, hakuwahi kuunguza chungu, na bei za sokoni alizijua zote. Lakini siku mlima ulipojifunika alivaa kitenge chake nje ndani. Alisema watangazaji wa redio wananyamaza kidogo kati ya habari na habari ili yeye apate nafasi ya kuwajibu, na kweli aliwajibu, kwa adabu, akiwa amepinda mgongo juu ya maharage. Katikati ya mazungumzo aliweza kutumia neno ambalo hakuna aliyelijua, na ukimuuliza maana yake alishangaa kwamba hulijui. Hakuwa na rafiki, wala hakuonekana kumtafuta. Wachumba walifika mara moja, wakanywa, wakamsikiliza, wakaaga.

Mama yao alikufa mwaka ule wa kipindupindu, wakimbizi walipojaa barabara yote mpaka Goma na maji yakawa sumu. Damascène alikuwa bado mdogo wa kubebwa akichoka, na aliyembeba ni Béata. Miaka miwili baadaye vita vilipopita Rugari, watu wote wa mtaa walishika njia ya bondeni. Béata alifika kwenye njia panda, akasimama, akakataa. Alisema njia ile imefumba macho. Baba yao alimvuta mkono, akamtukana, akamsihi. Yeye akakaa chini na mdogo wake mapajani, mpaka muzee akachoka, akawafuata migombani. Walilala humo siku nyingi wakila ndizi mbichi. Waliopita bondeni walikutana na bunduki, na wengi wao hawakurudi.

Damascène aliijua habari hiyo vizuri. Hakuwahi kumsimulia mtu hata mmoja.

Aliyoikumbuka zaidi, bila kutaka, ilikuwa nyingine. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, naye yuko darasani, na Béata akatokea mlangoni na jani pana la mgomba la kumfunika nalo njiani, kitenge kikiwa nje ndani, akiongea peke yake. Darasa zima lilicheka. Damascène alicheka nao. Alicheka kwa sauti kuliko wote, mpaka mwalimu akamwambia inatosha. Béata alisubiri nje hadi kengele, akamfunika, wakaenda. Hakumkemea, na mtoto yule, akitembea chini ya jani, aliomba Mungu mvua izidi ili pasiwe na mtu barabarani.

Alipoenda Goma kusoma, alienda kama mtu anayetoka kwenye moshi. Akamaliza masomo, akaoa, akapata mtoto, akapata kazi. Muzee Zéphirin alizikwa, Béata akabaki peke yake kwenye shamba. Kisha mwishoni mwa mwaka 2022 vita vikashuka tena, Rugari yote ikakimbia, na Béata akafika kambi ya Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma, na maelfu ya wenzake, kwenye mawe meusi ya volkano, chini ya turubai.

"Tumulete hapa," Julie alisema siku ileile habari ilipofika. "Atalala na Olivier. Ni dada yako."

"Yaya hapendi watu wengi," Damascène alijibu. "Mutaa huu una kelele. Atateseka."

Jambo hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo ulimfaa sana. Julie alirudia ombi lake mara nyingine, na nyingine, halafu akaacha, kama mtu anavyoacha kugonga mlango ambao amesikia wazi kwamba ndani kuna watu.

Basi Damascène akawa anapanda Kanyaruchinya kila Jumamosi na unga, mafuta, sabuni. Hakuingia kambini. Alisimama kando ya barabara, mahali wanawake walipouzia makaa, na kila mara, kabla hajamtuma mtu kumwita, Béata alitokea mwenyewe kati ya mahema. Alikuwa akijua tu kwamba amefika. Waliongea Kinyarwanda kidogo, akampa mfuko, akapanda pikipiki. Hakuna aliyejua kambini mwanamume yule mwenye shati safi ni nani wake.

Kazi yake Himbi ilikuwa hii. Daktari mmoja wa elimu ya nafsi, Mama Nshobole kutoka Bukavu, alikuwa anatengeneza hojaji fupi. Zilikuwapo hojaji ndefu za kupima tabia ambazo wataalamu kwa Kifaransa wanaziita schizotypie: kuhisi mambo kabla hayajatokea, kuona ishara kwenye vitu vya kawaida, kushuku watu, kusema kwa namna ya pekee, kuishi bila rafiki. Siku ya kwanza aliwaambia wafanyakazi wake jambo hili kwa mkazo.

"Si ugonjwa. Sikieni muzuri. Kila mutu iko nayo kidogo, wengine wako nayo mingi, na wanaishi, wanalima, wanalea watoto. Ila tukijua nani iko nayo mingi, tunajua nani wa kusindikiza karibu vita ikimupiga."

Shida ilikuwa kwamba hojaji ndefu zilichosha watu, na zile fupi zilitungwa mbali, kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo. Zikifika kambini zilipima upepo. Kulikuwa na swali: unahisi kwamba watu wanakuchunguza? Kanyaruchinya yote ilijibu ndiyo.

"Ukiuliza mwanafunzi wa Ulaya hii swali, akijibu ndiyo, amekuambia kitu juu yake," Mama Nshobole alisema. "Ukiuliza mama wa Kanyaruchinya, amekuambia kitu juu ya Kanyaruchinya. Tutafute maswali yenye kuona mutu, si yenye kuona vita."

Damascène ndiye aliyeyatafsiri maswali hayo kwa Kiswahili cha Goma na kwa Kinyarwanda. Alifanya kazi nzuri, na daktari alimwamini. Alikaa na karatasi zile mchana kutwa, akipima neno hili na lile, na kila swali alilolishika lilikuwa na sura ya yaya yake. Je, umeshawahi kuhisi kwamba redio inazungumza na wewe? Je, watu husema kwamba maneno yako hayaeleweki? Mara nyingine alisimama akaenda kuangalia ziwa kupitia dirishani, akarudi. Wenzake walidhani anatafuta neno.

Baada ya miezi mingi ilifika hatua ya kujaribu maswali yaliyobaki. Daktari alitaka watu wa aina mbili: wa kawaida, na wachache ambao majirani wenyewe wanasema wanaishi kivyao ingawa si wagonjwa. Kama maswali ni mazuri, alama za hao wachache zitapanda. Swali lisilowaona litatupwa. Mukamurenzi, binti wa ofisi aliyekuwa akitafsiri kwa wanawake wanaosema Kinyarwanda, aliamka na malaria siku hiyo.

"Damascène, leo ni wewe utanisaidia," Mama Nshobole alisema, na gari likapanda Kanyaruchinya.

Waliwekewa viti kwenye hema la mikutano. Mchana ulikuwa wa jua kali, turubai likanuka. Mkuu wa mtaa wa kambi aliwaletea mtu wa kwanza, wakamaliza; akawaletea wa pili, wakamaliza. Kisha akainama mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Docteur, huyu sasa ndiye. Huyu njo mwenyewe mwenye mulikuwa munatafuta."

Aliyeingia alikuwa Béata.

Alisimama penye mwanga, akamtazama mdogo wake. Damascène alikuwa na kalamu mkononi. Alichopaswa kusema kilikuwa maneno machache tu, na mtu yeyote angemwelewa: Mama docteur, huyu ni yaya yangu, tutafute mutu mwingine. Yalimfika mpaka kwenye meno. Daktari alikuwa anatabasamu akimkaribisha mgeni, mkuu wa mtaa bado anachungulia, na Damascène akainamisha kichwa, akaandika tarehe.

Béata alisubiri kidogo. Kisha akasema, kwa Kifaransa chake cha misa, "Bonjour, docteur." Akageuka. "Bonjour, monsieur."

Monsieur, yaani bwana, kama kwa mtu asiyemjua. Alikaa kitini, akaweka mikono juu ya magoti kama mgeni.

Maswali yakaanza. Daktari aliuliza kwa Kiswahili, Damascène akatafsiri kwa Kinyarwanda, Béata akajibu, Damascène akarudisha. Lile la kwanza lilikuwa juu ya redio.

"Ndiyo," Béata alisema, bila haya yoyote. "Wananiachia nafasi. Si wote. Yule wa asubuhi ana adabu, wa jioni ananikatiza."

"Anasema hapana," Damascène akamwambia daktari. "Anasikilizaka tu habari, kama watu wote."

Ilitoka kwa urahisi uliomtisha. Béata alimtazama. Swali lililofuata lilihusu maneno yasiyoeleweka. Alijibu ndiyo, akieleza, na Damascène akasema hapana. Jasho lilimshuka kwenye mgongo wa shati. Alijua kwamba dada yake hasemi Kiswahili, na kwa dakika zile alijisahaulisha kwamba mtu aliyeuza maharage kwenye soko la Kiwanja maisha yake yote hawezi kukosa kukisikia.

"Muulize," daktari alisema, "kama imeshamufikia kujua jambo mbele halijatokea."

Damascène alitafsiri, macho kwenye karatasi.

"Ndiyo," Béata alisema, polepole. "Mara moja, kwenye njia. Nilijua njia ile ni mbaya, nikakaa chini. Ndiyo maana kuna mtu yuko hai leo na amevaa vizuri."

Nje mwanamke alikuwa anamwita mtoto aje kuoga. Damascène akamgeukia daktari.

"Anasema hapana. Anasema ni Mungu peke yake ndiye anajua."

Mama Nshobole aliandika. Béata aliangalia kalamu ya daktari ikitembea, kisha akamwangalia mdogo wake na shati lililoloa. Uso wake haukuwa na hasira. Damascène angeipokea hasira kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo Béata alijibu hapana. Je, unaona ishara kwenye vitu vya kawaida? Hapana. Je, unapendelea kukaa mbali na watu? Hapana, ninapenda watu. Je, unahisi kuna nguvu isiyoonekana karibu nawe? Hapana. Alisema hivyo mpaka mwisho, kwa sauti ya upole, na Damascène hakulazimika tena kudanganya. Dada yake alikuwa amempunguzia kazi.

Alipotoka aliaga wote wawili kwa namna moja.

Jumamosi iliyofuata Damascène alipeleka unga. Béata alitokea, akapokea mfuko, akauliza habari za Olivier. Hawakugusa jambo lile. Njia nzima ya kurudi alijiambia kwamba limepita.

Halikupita. Daktari alishangaa. Mwanamke ambaye kambi nzima ilimtaja alikuwa na alama za chini kuliko mkuu wa mtaa mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa mtu makini, alimrudisha Mukamurenzi, ambaye sasa alikuwa amepona, aende kumuuliza upya baada ya wiki mbili. Mukamurenzi alirudi akiwa ameridhika.

"Ni mama mutulivu kabisa," alisema. "Kila kitu hapana. Watu wanamuonea tu."

Basi wakakaa ofisini kupitia maswali. Wale wengine wachache walikuwa wametoa majibu yaliyochanganyika, na Béata, ambaye walimtegemea kuliko wote, hakuonekana kwenye swali hata moja. Mama Nshobole aliyafuta ubaoni, moja baada ya jingine. La redio likaenda. La maneno likaenda. Yalikuwa maswali mazuri; Damascène alijua kwamba ni mazuri, maana aliyatafsiri akimwona mtu. Alinyamaza. Alijiambia kwamba ni utafiti tu, kwamba hojaji zitatungwa nyingine.

"Na hii ya kujua jambo mbele," daktari alisema, akiinua kitambaa, "minaona nayo haina kazi huku kwetu. Inapima dini."

"Mama docteur, ile musiitoe."

Alisikia sauti yake kabla hajaamua. Wote waligeuka.

"Juu ya nini?"

"Juu alijibu ndiyo."

"Nani?"

"Yule mama wa Kanyaruchinya. Alijibu ndiyo. Ni mimi nilisema hapana." Alikuwa amesimama, ingawa hakukumbuka kusimama. "Na ya redio, na ya maneno. Zote alijibu ndiyo. Ni yaya yangu, docteur. Tulinyonya ziwa moja."

Mukamurenzi alishika mdomo. Mama Nshobole aliweka kitambaa juu ya meza, akakaa.

"Na mara ya pili? Mukamurenzi alimuuliza yeye mwenyewe."

"Mara ya pili alifuata yangu. Anasikiaka Kiswahili. Alisikia vile nilikuwa nasema."

Daktari hakupandisha sauti. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. "Miezi yote hii," alisema, "unatafsiria watu wa watu. Unawaambia: semeni tu, hapa hakuna haya. Njo wewe ulikuwa unawaambia."

"Njo mimi."

Hakumfukuza. Alikiri mbele ya wote kwamba naye alikosa: hakuwahi kuwauliza watafsiri wake kama wana ndugu kambini, na ilikuwa lazima awaulize. Kazi ikarudishwa nyuma. Waliamua kwamba mtafsiri asiwe mtu wa jamaa wala wa mtaa mmoja, kwamba mkuu wa mtaa asimlete mtu kwa kumnong'oneza mlangoni, na kwamba kabla ya swali lenye haya, mwulizaji aseme kwanza kwamba wapo watu wengi, na wenye heshima zao, wanaoishi hivyo. Damascène hakutafsiria mtu tena. Alibaki na karatasi tu. Na kuanzia siku ile Mama Nshobole hakumwita Damascène. Alimwita Monsieur Havugimana, kwa adabu kamili, asubuhi na jioni, na kila mara jina lilimpiga palepale.

Jumamosi hakusimama kwa wanawake wa makaa. Aliingia kambini, akauliza, akaelekezwa. Béata alikuwa mbele ya hema lake, akichambua mboga za lengalenga.

"Umeingia," alisema. Hakuonekana kushangaa.

Damascène alikaa juu ya jiwe la volkano. "Yaya, siku ile ulisikia nilichokuwa nikimwambia daktari."

"Nilisikia. Kiswahili chako ni kizuri."

"Mbona hukunikatiza?"

"Ulikuwa unatoka jasho." Alitupa jani lililooza. "Nikafikiri pengine wakijua una mtu kama mimi watakuondoa kazini. Una mtoto."

"Na yule msichana aliporudi peke yake?"

"Yule anakaa meza moja na wewe. Nikasema ulivyosema wewe, maneno yenu yasigongane."

Damascène alijifunika uso. Jirani aliyekuwa anapita na ndoo alipunguza mwendo, akatazama, na kwa mara ya kwanza Damascène hakuwa na nguvu ya kujali.

"Njoo tukae nyumbani," alisema. "Leo. Julie amekuandalia mahali tangu zamani. Ni mimi niliyekataa, si yeye."

Béata alifikiri kweli. Haikuwa kawaida yake kujibu kwa heshima tu. "Hapana," alisema. "Wiki ile tuliyofika, ningekuja. Nilifunga mzigo wangu, nikakungoja barabarani, nikajua unakuja. Na ulikuja. Ulileta unga." Alivuta ungo karibu. "Sasa nimezoea hapa. Kwenu watu wanapita mbele ya dirisha."

Hakusema ili kumchoma. Alikuwa akieleza tu mambo yalivyokwenda, na Damascène alilijua hilo, likamwelemea zaidi. Alimsaidia kuchambua mboga mpaka zikaisha. Baadaye Mama Nshobole mwenyewe alipanda na Mukamurenzi, wakamuuliza Béata upya, wao watatu tu. Majibu yale Damascène hakuyaona, wala haikuwa ruhusa ayaone. Alichojua ni kwamba maswali yaliyofutwa yalirudishwa ubaoni, machache yakiwa na maneno mapya, na hojaji ikatoka fupi, isiyofika maswali ishirini. Lile la kuchunguzwa na watu waliligeuza kabisa.

Mwezi wa kwanza wa 2025 vita viliingia Goma penyewe. Damascène, Julie na mtoto walilala chini ya meza wakati risasi zikipita juu ya mabati, bila maji, bila umeme. Kulipotulia, harufu ya mitaa haikuwa ya kusimuliwa. Ofisi ya Himbi ilikuwa imeporwa mpaka fremu za madirisha. Mama Nshobole alikuwa ameshaondoka. Baada ya wiki nyingi alituma ujumbe kutoka nchi nyingine kwamba kazi yao imechapishwa, na kwamba jina la Havugimana limo kati ya wanaoshukuriwa. Damascène alisoma akiwa amesimama, akaizima simu. Hakumwonyesha hata Julie.

Alikuwa anatafuta kitu kingine. Kambi zilikuwa zimevunjwa, watu wameambiwa warudi makwao. Alipofika Kanyaruchinya alikuta mawe, vipande vya turubai na kuku mmoja asiye na mwenyewe. Hakuna aliyejua Béata ameenda wapi. Hakuwa mtu wa kuaga. Aliuliza kila mtu aliyetoka upande wa Rutshuru, eneo la kwao, bila kushusha sauti sasa, akieleza kitenge, akieleza ukungu. Wengine walitabasamu. Alieleza hivyohivyo. Mwishowe mwanamke aliyekuwa akileta maharage kutoka Kiwanja alimwambia, "Yule mwenye kusalimia redio? Iko Rugari. Analima."

Walienda wawili, yeye na Julie, kwa pikipiki mbili. Nyumba ya muzee Zéphirin ilikuwa imebaki kuta. Béata alikuwa amejenga kibanda kwenye kona moja ya kuta hizo, akalima mpaka mlangoni, na maharage yalikuwa yameshapanda vijiti. Aliwapokea vizuri. Alimtazama Julie kwa muda, akamgusa shavu kwa kidole kimoja, jambo ambalo Damascène hakuwahi kumwona akimfanyia mtu, akaingia kupika.

Chakula kilipoiva aliwaandalia wote wawili kwenye benchi, ndani ya kuta, akaweka maji ya kunawa. Yeye alichukua sahani yake akatoka nyuma ya nyumba. Tangu utoto hakuwahi kula mbele za watu, hata siku ya ubatizo wa Damascène.

"Anaenda wapi?" Julie aliuliza.

"Njo desturi yake. Muache. Hawezi kula na watu."

Julie alibaki ameshika sahani. Kisha akainuka, akapita kwenye pengo lililokuwa dirisha zamani, akaenda nyuma. Damascène alikaza masikio, akitegemea kumsikia yaya yake akinyamaza au akihama. Alichosikia ni Julie akiuliza jambo kwa Kinyarwanda chake kibovu, Béata akimsahihisha neno, na halafu kicheko, cha Béata, kifupi na cha chini. Hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia. Wala hakukumbuka kama yeye aliwahi kukisababisha.

Walikaa huko muda mrefu. Naye angeweza kuinuka. Kuta zenyewe hazikumfika kifuani. Alibaki kwenye benchi, chakula kikipoa, akiogopa kwamba akitokea watanyamaza.